Mafia kwa Nusu Gunia la Viazi

Nilipowaambia walimu wenzangu kwamba Krismasi ile hatutakuwepo Mafinga, tunakwenda Mafia, mmoja aliweka kalamu nyekundu chini akaniuliza nauli ya ndege mpaka Italia ni shilingi ngapi siku hizi. Wengine wakacheka. Nami nilicheka, ila nilijua nusu yao walikuwa wanangoja jibu.

Mafia ni Tanzania hii hii, kisiwa na wilaya ya mkoa wa Pwani, mbele kidogo ya mdomo wa Mto Rufiji. Wenyeji hupenda kusema jina lake linatokana na "mahali pa afya". Sijui wanaisimu wanasemaje, lakini hakuna mwenyeji niliyemsikia akilifungamanisha na majambazi wa Italia. Kwa mtu wa Mafinga, hata hivyo, Mafia ni mbali kweli. Sisi tulitumia siku tatu kufika. Katika siku hizo mwenye pesa zake angekwenda Dubai, akanunua simu, akarudi.

Chanzo cha yote ni kaunta buku la mume wangu. Yeye ni mtu wa mbao, na watu wa mbao huandika kila kitu: idadi ya magogo, futi, dizeli, chai ya wapakizi. Miaka miwili nyuma tulikuwa tumekwenda Unguja usiku tatu, naye aliandika. Tuliporudi alifungua buku mezani, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mke wangu, sikumbuki tulikula nini." Hakuwa analalamika juu ya watu wa Unguja, walitupokea vizuri. Ila pale pesa ina milango mingi ya kutokea. Unatoka bandarini, kuna gari. Unafika ufukweni, kuna kiti. Umekaa kitini, kuna dafu, na dafu la pale lina bei ya kile kiti. Jioni kuna ngoma, asubuhi kuna safari ya viungo. Kila mlango ni mdogo, unatoa elfu kumi, unatoa ishirini, na siku ya tatu mmebaki mnatazamana.

Tukaanza kutafuta kisiwa chenye milango michache.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Mafinga mpaka Dar es Salaam kwa basi, siku nzima, kushuka Kitonga kwa breki na sala, kisha watoto kugandana dirishani Mikumi wakihesabu twiga. Tukalala Mbagala kwa shangazi yake mume wangu, ambaye alitazama mzigo wetu akauliza, "Hilo nalo la nini?" Alikuwa anaonyesha nusu gunia la viazi mviringo. Mama mkwe wangu ndiye aliyetupakia. Kwa Wahehe huendi kwa watu mikono mitupu, hata kama watu wenyewe huwajui. Mimi nililiona lile gunia kuwa aibu tupu. Nilikuwa nimejipangia likizo ya kofia ya jua na miwani myeusi, sasa napandaje boti na viazi?

Kesho yake tukapanda basi la Nyamisati pale Mbagala Rangi Tatu. Unaifuata barabara ya Kilwa, Mkuranga unaipita, ukifika Bungu unaiacha lami kuu na kukunja kushoto kuelekea baharini. Nyamisati ni kijiji cha mikoko ukingoni mwa delta ya Rufiji. Boti huondoka kwa kufuata maji, si saa ya ukutani, kwa hiyo ukifika umechelewa unalala. Tulilala kwenye gesti ndogo, na mbu wa pale walitupokea kwa heshima zote. Asubuhi, bado giza, tukaingia botini pamoja na magodoro, masufuria, kreti za soda, kuku na mabinti waliovaa vizuri kana kwamba wanakwenda harusini. Nauli ilikuwa elfu kumi na sita kwa mtu. Ndege ndogo kutoka Dar hufika chini ya saa moja, lakini nauli ya mtu mmoja angani ingetuvusha wote wanne kwa maji, kwenda na kurudi.

Boti inatoka polepole kupitia mikono ya delta. Mtu aliyekaa karibu nasi, mzee mwenye kofia ya kiua, alimwonyesha mwanangu kwa kidole upande wa kusini akamwambia huko ndani ndiko meli ya kivita ya Wajerumani ilikojificha. Ni Königsberg aliyokuwa anaisema. Waingereza waliiteka Mafia mapema mwaka 1915 wakaifanya kituo cha kuiwindia meli hiyo, ndege zao zikawa zinaruka kutoka kisiwani kuitafuta humo mikokoni, mpaka Julai mwaka huo ikaishia kuzama mtoni. Mimi ni mwalimu wa historia. Nimefundisha vita hiyo ya kwanza ya dunia miaka kumi na moja kutoka kitabuni, na sikuwahi kufikiri kwamba ningepita mlangoni pake nikiwa nimeshikilia mfuko wa plastiki, mtoto wangu wa mwisho akitapika ndani yake. Maana tulipotoka deltani tukakuta bahari wazi, na watu wa bara tukajulikana wote papo hapo.

Mambo mawili ya kuzingatia hapo. Tafuna kitu kikavu kabla ya kupanda, usinywe chai ya maziwa. Na kaa nje, penye upepo, hata kama ndani kuna viti vizuri zaidi.

Kilindoni, mji mkuu wa wilaya, hauna mapambo. Gati, soko, misikiti, uwanja wa ndege karibu na nyumba za watu, dagaa wameanikwa juani na harufu yao imeshika kila kona. Tulipata gesti ya chumba chenye vitanda viwili na vyandarua, shilingi elfu thelathini na tano kwa usiku. Mwenye gesti alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Tulimwamkia, akatuitikia, akatuuliza habari za njiani, akawatazama watoto, kisha macho yake yakatua kwenye gunia.

"Viazi hivyo vya biashara?"

Nikamwambia ni zawadi tu, za kwa mwenyeji wetu, ila mwenyeji hatuna.

"Basi mwenyeji wenu mimi," akasema, na gunia likaingia jikoni.

Sikulielewa jambo hilo mpaka nilipokwenda sokoni. Kisiwani, samaki ni wa kumwaga, nazi ni za kumwaga, mihogo ipo, maembe kwa msimu wake. Lakini viazi mviringo, vitunguu, nyanya nzuri, kabichi, hivyo vyote vinakuja kwa boti ile ile tuliyokuja nayo, na vikifika bei imeshavuka bahari. Kiazi ambacho kwetu tunakirushia mbuzi, kule kinapimwa kwa mafungu. Kuanzia siku hiyo mama yule hakutaka kusikia habari ya sisi kula mgahawani. Asubuhi vitumbua na chai ya mchaichai, mchana wali wa nazi na changu wa kukaanga, jioni pweza wa nazi mpaka watoto wangu, ambao Mafinga hawagusi hata dagaa, wakawa wanagombania vikono vyake. Tulichangia pesa ya samaki na mkaa, nayo ilikuwa ndogo mno kiasi cha mume wangu kuandika bukuni kisha akaipigia mstari mara mbili, akidhani amekosea.

Usiku wa tatu ndipo alipofanya hesabu iliyobadilisha safari yetu. Tulikuwa tumepanga kulala usiku nne tu. Yeye alikaa kitandani na taa ya simu, akapiga jumla ya njia: nauli, kulala, kula, kwenda na kurudi, inakaribia laki sita na thelathini elfu kwa sisi wanne. "Hiyo imeshakwenda," akasema. "Tukiondoka kesho ama tukiondoka wiki ijayo, ni ile ile." Kisha akagawa. Kwa siku tatu, kila siku tuliyokaa Mafia ilikuwa imebeba laki mbili na kumi za njia peke yake. Kwa siku tisa, elfu sabini. Na kuishi pale kwenyewe, chumba na chakula, hakukuwa kunazidi sana maisha yetu ya nyumbani.

Mwanaume huyu, ambaye huzima taa ya sebuleni tukiwa bado tumekaa, akaniambia kwa uchungu wa kweli kwamba hatuna uwezo wa kuondoka mapema.

Tulikaa usiku tisa. Nimekuja kuamini kwamba watu wengi wanakosea hapo. Wanakiona kisiwa cha mbali ni ghali kwa sababu wanakwenda kwa haraka, wikiendi moja, kwa ndege, na hoteli ya watalii. Ghali ni njia. Ukishafika, kama umechagua mahali ambapo wenyeji wenyewe wanaishi, pesa inazunguka mfukoni haijui itokee wapi. Hakuna duka la maana la kukushawishi. Hakuna pa kwenda usiku. Saa tatu mji umelala, na wewe umelala.

Ila mlango mmoja mkubwa upo, nao ndio uliotupeleka kule. Papa potwe.

Kuanzia Oktoba hivi mpaka Machi, papa hawa hukusanyika karibu kabisa na Kilindoni, kufuata dagaa wadogo na viumbe vidogo vya majini ambavyo ndivyo chakula chao. Ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, na hana habari na mtu. Likizo ya Desemba inaangukia katikati ya msimu wao, bahati ambayo sisi walimu hatuipati mara nyingi. Siku ya kwanza gatini kijana mmoja alitutajia bei ya kutupeleka, kwa kichwa, nikahisi miguu inaishiwa nguvu. Nilipomweleza mama wa gesti alicheka. "Boti hukodiwa boti, mwanangu, haikodiwi kichwa. Injini inakula petroli ile ile mkiwa wawili ama mkiwa wanane. Ngojeni watokee wenzenu." Siku mbili baadaye wakatokea vijana wanne kutoka Mtwara, wakalala chumba cha jirani. Tukagawana boti, na bei ikawa ya kibinadamu.

Tulitoka saa moja asubuhi bahari ikiwa kama chai kwenye sahani. Nahodha hakuwa na chombo chochote cha kutafutia samaki. Alisimama, kiganja juu ya macho, akitazama ndege. Ndege wakishuka kwa wingi mahali pamoja, dagaa wapo. Dagaa wakiwepo, yule bwana naye hayuko mbali. Akatueleza masharti mara mbili: hakuna kumgusa, hakuna kumkalia njiani, kaa mbali naye hatua kadhaa, simu zisimulike. Nusu saa baadaye akazima injini.

Mwanzoni niliona kivuli, nikafikiri ni mwamba. Kisha mwamba ukageuka. Aliinua pezi la mgongoni, akapita ubavuni mwa boti taratibu, na ilichukua muda mpaka mkia wake ukafika pale kilipokuwa kichwa. Mgongo wote madoa meupe, yamepangwa kwa mistari. Watafiti huwatambua papa hawa mmoja mmoja kwa madoa hayo, kila mmoja ana yake kama alama za vidole. Wapwani wa Kenya wana jina zuri zaidi: papa shilingi. Husimulia kwamba Mungu alipomwona amependeza, malaika wakamtunza kwa kumrushia sarafu, nazo zikamganda mgongoni. Mume wangu aliposikia hivyo alitaka kujua malaika wale walikuwa wametoa bajeti wapi.

Watoto waliingia majini na jaketi za uokozi, mmoja kila upande wa msaidizi wa nahodha. Baba yao akafuata. Mimi nilibaki na mabegi. Nimezaliwa penye baridi, mto wetu unafika magotini, kuogelea sikufundishwa na sikuwahi kuona aibu ya kutojua, mpaka siku ile.

"Mwalimu," nahodha akaniita, "ukirudi utawasimulia watoto wa watu nini? Kwamba ulilinda viatu?"

Nikavaa jaketi. Nikashuka ngazi, nikang'ang'ania kamba, nikaweka uso ndani ya maji na ile miwani yao. Kwa muda nilisikia pumzi zangu tu, nzito, kama za mgonjwa. Halafu mdomo mpana, umefunguka wote, ukaja kutoka kwenye weupe wa maji, jicho dogo pembeni, na akapita chini ya miguu yangu. Nilihesabu mapezi. Sikumbuki kama niliogopa. Nakumbuka kamba iliniachia alama viganjani kwa siku mbili.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yetu ya gharama kubwa kuliko zote kisiwani, na ndiyo pekee ambayo mwenye buku hakunung'unika.

Upande wa pili wa kisiwa, Utende, ni dunia nyingine. Barabara ya lami inatoka Kilindoni kama kilomita kumi na tano, na kabla ya kufika kuna geti la Hifadhi ya Bahari, hifadhi ya kwanza ya aina yake nchini, iliyoanzishwa 1995. Kiingilio hulipwa kwa siku. Wageni kutoka nje hulipa zaidi, sisi raia tunalipa kidogo sana, mradi uwe na kitambulisho. Hoteli nzuri za ufukweni ziko huko ndani, na ukilala huko kila siku unayokaa ina kiingilio chake. Sisi tuliolala Kilindoni tuliingia siku mbili, tukalipa siku mbili. Soda niliyokunywa kwenye hoteli mojawapo niliinywa taratibu sana, kwa sababu za kiuchumi.

Kutoka Utende unavuka kwa mashua ya wenyeji mpaka Chole, kisiwa kidogo ambacho Wajerumani walikifanya makao yao kabla ya kuhamia Kilindoni mwaka 1913. Majengo yao yamebaki, au tuseme mizizi ya miti ndiyo iliyobaki ikiwa imeyakumbatia, huwezi tena kujua nani anamshikilia nani. Kuna popo wakubwa, wenye sura ya mbwa, wananing'inia mtini mchana kutwa wakigombana kama abiria. Kuna mafundi wanaojenga majahazi kwa shoka na tezo bila mchoro wa karatasi. Mume wangu alikaa kwao saa mbili nzima akizungumza mbao. Hakutaka kuona kitu kingine.

Kisiwa cha jirani, Juani, ndiko tulikokosea. Tulikwenda kuangalia magofu ya mji wa kale wa Kua bila kuuliza maji. Bahari ilikuwa bamvua, ikakupwa mbali kuliko tulivyodhani, na tulipotoka magofuni mashua yetu ilikuwa imekaa kwenye tope kama bata. Saa tatu tulingoja. Sikujuta, kwa sababu mwongozaji wetu alitumia muda huo kutusimulia kisa cha Kua na mji mwingine wa kale, Kisimani, kama alivyokisikia kwa wazee: watu wa Kisimani walivyowakamata watoto wa Kua wakaburuta jahazi jipya juu yao kulishusha majini, na watu wa Kua walivyongoja miaka, wakawaalika harusini kwenye chumba cha chini ya ardhi, kisha mlango ukazibwa. Binti yangu aliuliza kama chumba hicho bado kipo. Mwongozaji akatazama maji, akasema, "Yanaanza kujaa." Siku hizi kabla ya kuuliza bei ya boti nauliza maji yanajaa saa ngapi.

Nisije nikawadanganya watu. Mafia haina fukwe ndefu nyeupe kama za Nungwi, sehemu kubwa ya pwani yake ni mikoko na tope. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka, na siku mbili wakala wa pesa hakuwa na salio la kutoa, ikawa tunaishi kwa deni la mama wa gesti. Nenda na taslimu. Ni nchi ya Waislamu, kaptura zako za ufukweni ziache ufukweni. Anayetafuta ulanzi, pombe yetu ya mianzi, atasubiri mpaka arudi Iringa. Masika, Machi mpaka Mei, hata hoteli nyingine hufunga. Na kama shabaha yako ni kuona vitoto vya kasa vikitoka mchangani kule Juani, huo ni msimu wa kusi, Juni mpaka Septemba, papa potwe hutawaona kwa wingi. Chagua kimoja.

Siku ya kuondoka upepo wa kaskazi ulikuwa umekaza, boti haikutoka. Tulikuwa tumeacha siku mbili za ziada kabla ya shule kufunguliwa, kwa hiyo tulirudi gestini tukala tena pweza. Jamaa mmoja aliyepaswa kuripoti kazini kesho yake alikwenda uwanja wa ndege, na nilimwona akitoka kaunta akiwa amekunja uso. Akiba yetu ya siku mbili haikugharimu hata nusu ya tiketi yake.

Kaunta buku sasa liko kabatini. Ila mwezi wa nane uliopita simu iliita saa mbili usiku, namba siijui. Sauti ya chini, ya upole. Akaniuliza hali, akawauliza watoto mmoja mmoja, akaniambia kule kusi inavuma, samaki wamekuwa haba kidogo. Kisha akanyamaza.

"Mwanangu, na vile viazi, kwenu sasa hivi gunia linakwendaje?"

Nikamtajia bei. Nikasikia anamgeukia mtu mwingine chumbani na kumwambia kwa mshangao. Mume wangu, aliyekuwa anasikiliza, alikwisha inuka kwenda kabatini kutafuta kalamu.